Pikipiki ya Kumvusha Mama Korongoni

Mke wangu husema siku nikifa majirani watachelewa kujua, maana hata nikiwa mzima hawanioni. Anatia chumvi. Majirani zetu hapa Majengo wananiona kila siku, ila wananiona mahali pamoja tu: barazani, nyuma ya cherehani, miguu inakanyaga na macho yanaangalia barabara ambayo sina shida nayo. Leseni ya pikipiki ninayo miaka mingi. Kazi yake kubwa imekuwa kuonyesha kwamba mimi ndiye mimi ninapokwenda stendi kuchukua mzigo wa vitambaa. Kwa hiyo nilipotangaza wakati wa chakula kwamba nataka kununua pikipiki, mke wangu aliweka kijiko chini.

“Ya kukalia barazani?” akauliza.

“Ya kumleta mama.”

Hapo aliacha utani.

Mama yangu anaishi upande wa barabara ya Mishamo, ndani kidogo, mahali ambapo gari haliingii. Ukitoka barabara kubwa unashuka mteremko mrefu mpaka korongoni, unavuka kijito, halafu unapanda kipande kifupi kilichosimama kama ukuta, na juu yake ndipo kuna nyumba yake, shamba lake la mihogo na kuku wasiopenda wageni. Akitaka kutoka kwake ni kinyume: anaanza kwa kushuka ule ukuta, anavuka maji, halafu anapanda ule mteremko mrefu. Misimu miwili ya mvua iliyopita alipanda bodaboda kuja mjini. Kijana wa watu akazima injini akaiachia ishuke yenyewe, kama wanavyofanya wote huku kuokoa mafuta, na kwenye kona pikipiki ikateleza. Mama akavunjika mguu. Alipotoka hospitali tulimrudisha kwake kwa machela ya miti, wanaume wanne, mimi nikiwa wa nyuma na nikihema kuliko wote. Tulipomweka kitandani alisema maneno machache.

“Mara ya kubebwa imetosha. Ya pili nitakuwa sijui kama nabebwa.”

Tangu siku ile hakuvuka korongo. Anatembea kwa kuchechemea mpaka shambani na kurudi, basi.

Sasa sisi tukapata mtoto wa mwisho, msichana, wakati wenyewe tulishadhani duka limefungwa. Tukampa jina la mama. Na katika ukoo wetu mtoto aliyebeba jina la bibi hapelekwi kubatizwa na mtu mwingine bibi akiwa hai. Bibi ndiye anayemtoa nyumbani mikononi mwake mpaka mlango wa kanisa. Paroko alikubali kuahirisha mara moja. Nilipokwenda mara ya pili aliniangalia tu, akaandika Jumapili moja kwenye daftari lake na kulifunga.

Nikampigia mama simu. Alisikiliza, akakohoa, akatoa masharti kama mtu anayeuza shamba.

“Nitakuja na wewe, siyo na kijana wa stendi. Pikipiki iwe yako, isiwe ya kuazima. Na nikikwambia simama, usimame. Usiniambie subiri mama tufike pale chini. Usimame.”

“Sawa mama.”

“Unajua kusimama?”

“Mama, mimi kazi yangu ni kukaa.”

“Kukaa najua unajua. Nauliza kusimama.”

Dukani kulikuwa na pikipiki za aina nyingi, lakini zile za bodaboda zina siti ya juu, na mguu wa mama haukunjiki vizuri. Kwenye kona kulikuwa na mbili za muundo wa zamani: taa ya duara, tenki la mviringo kama kibuyu, siti ndefu, bapa, ya chini. Zilikuwa mpya kabisa ila zimetengenezwa zifanane na pikipiki za mashemasi na mabwana shamba wa utoto wetu. Siti ile ilimfaa mama, na hiyo ndiyo sababu niliyompa mke wangu. Sababu ya pili sikuisema: nilijiona kwenye kioo cha pembeni nikafanana na mtu mwenye safari.

Muuzaji alinisogelea.

“Karibu bosi. Hii kubwa ni cc mia mbili, farasi kumi na sita. Hii ndogo mia na hamsini, farasi kumi na mbili.”

Farasi sijawahi kumwona kwa macho. Ng'ombe wa plau nimewaona, punda nimewaona, viboko nimewaona hata zaidi ya nilivyotaka. Nikamwuliza farasi kumi na sita ni sawa na ng'ombe wangapi.

“Bosi, we angalia mlima. Hii kubwa inapanda popote na mzigo wowote.”

“Na kushuka?”

“Kushuka inashuka yenyewe.”

Hilo ndilo lililonitisha. Kubwa ilikuwa na breki za ngoma, zile za kufichwa ndani ya gurudumu, mbele na nyuma. Ndogo ilikuwa na diski mbele, sahani ya chuma iliyo wazi, na ngoma nyuma. Nikasema sinunui mpaka nizijaribu zote mbili kwa kusimama. Muuzaji akacheka, akamwita fundi anayeziunga, na fundi mwenyewe kumbe ni mtu wa mtaani kwetu, tunaitana fundi kwa fundi. Akanidhamini. Kesho yake asubuhi tukazipeleka kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya stesheni ya treni.

Mimi nina shule ya sekondari, na kilichobaki kichwani kutoka maabara ni kitu kimoja: ukilinganisha vitu viwili, kila kingine kiwe sawasawa. Nikafunga gunia la mahindi kwenye siti kwa mpira wa baiskeli. Uzito nilikadiria, ila mama namjua, nimemshonea magauni miaka yote. Gunia lilikuwa mama kamili, tena lilikuwa linanyamaza. Nikalaza kitambaa chekundu chini. Mwendo thelathini kwenye saa ya mwendo, ukifika kwenye kitambaa unakamata breki zote mbili, halafu tunapima kutoka kwenye kitambaa mpaka tairi la mbele liliposimama. Kipimo chenyewe kilikuwa utepe wangu wa kazini, ule wa kupimia viuno, mita moja na nusu.

Bodaboda wa stesheni hawakuwa na abiria saa ile. Wakaja wote.

“Mzee wa baraza,” akasema mmoja mnene, ambaye kazi yake ni kuleta dagaa kutoka Kapalamsenga kule ziwani, “unaipimia suruali?”

“Kaptura,” nikamjibu. “Imekua ghafla.”

“Usisahau zipu.”

Nikapanda ile kubwa. Niseme ukweli, ilikuwa inavuta mpaka nikatabasamu bila kukusudia. Kwenye kitambaa nikakamata breki zote. Mkono wa breki ya mbele ukaja mpaka kwenye vidole bila kukamata kitu chochote, kama kushika mkono wa mtu aliyelala. Tairi la nyuma likaburuta, likapinda kushoto, likapinda kulia, na gunia likaegemea mgongoni kwangu. Nikapima nikiwa nimepiga magoti vumbini: tepe kumi na moja na kidogo. Ile ndogo ilikuja kwa adabu zaidi, ikasimama tepe sita.

Nilitaka kuishia hapo, nikawa nimeshinda mjadala. Lakini ule mkono uliolala ulinikera. Nikamwuliza fundi mbona breki ya mbele ya kubwa haishiki.

“Nimeilegeza,” akasema, bila aibu.

“Kwa nini?”

“Wateja. Breki ya mbele inarusha. Pikipiki mpya ikitoka kwangu imekazwa, kesho yake mtu anarudi anasema nimemuuzia mnyama. Kwa hiyo nazilegeza zote kabla hazijatoka.”

“Na hizi za diski?”

“Hizi zinatumia mafuta, hazina waya wa kulegeza. Wateja wenyewe wanafungua ule mkono wa breki wanauacha nyumbani.”

Nikawageukia wale bodaboda. Hakuna aliyeona ajabu. Mmoja aliniambia yeye hajagusa breki ya mbele miaka sita na yuko hai, kama ninavyomwona. Yule mnene wa dagaa akanionyesha ya kwake: waya ulikuwa umefungwa kwa fundo zuri, halifanyi kazi yoyote.

Niliketi juu ya gunia. Nilimkumbuka kijana aliyemwangusha mama. Alikuja hospitali na chupa ya juisi, akasimama mlangoni akasema, “Nilikanyaga ya nyuma mpaka mwisho, baba, haki ya Mungu nilikanyaga.” Sisi tukamjibu kwamba tunajua, ni mawe ya ile kona. Misimu miwili tulikuwa tunalaumu mawe. Hakuna aliyemwuliza juu ya mkono wake wa kulia, ule wa breki ya mbele, wala mimi.

“Kaza,” nikamwambia fundi.

“Kubwa?”

“Kubwa. Ikaze kama ilivyotoka kiwandani.”

Akakaza. Nikarudia na gunia lile lile, kitambaa kile kile. Tepe saba. Kwa hiyo ile kubwa hakuwa mnyama mbaya, alikuwa amefungwa mguu. Na hapo ubishi ukaanza upya, maana kati ya tepe sita na saba hakuna kitu cha kumkosesha mtu farasi wanne.

“Chukua kubwa,” akasema mnene wa dagaa. “Mimi naujua mlima wa kutoka ziwani. Hicho kidogo kitakufia katikati, mama akiwa juu yake.”

Hakuwa anatania. Nami nilijua anasema kweli, kwa sababu ule mteremko mrefu niliupanda nikirudi na machela tupu na bado nikahema.

Fundi ndiye aliyenitoa pale. Aliuliza, “Si ulisema kuna maji?”

“Kijito. Kinafika kwenye ekseli.”

Akachota ndoo, akamwagia magurudumu ya kubwa, mbele na nyuma, polepole kama anaogesha mtoto. “Haya, jaribu sasa.” Ngoma ikiingia maji inateleza kwa ndani. Tepe kumi. Akaimwagia ndogo vile vile. Diski iko wazi, ilijifuta ikiwa inazunguka. Tepe sita na nusu.

Nikafikiri kwa sauti, na wao wakasikiliza, jambo ambalo halinitokei nyumbani. Nikasema: pale kwa mama ukitoka kwenye maji unaanza kupanda hapo hapo. Tuseme kubwa imekosa gia katikati, au jiwe limeizuia. Breki zimelowa. Nini kinaizuia isirudi nyuma mpaka kwenye kijito? Sasa tuseme ndogo imeishiwa nguvu. Sawa, imeishiwa. Itakaa pale pale ilipoishiwa, na mimi na mama tutashauriana.

“Mtashauriana muda mrefu,” akasema yule wa dagaa.

“Muda ninao. Mimi ni mzee wa baraza.”

Nikanunua ndogo. Muuzaji aliandika risiti huku anasikitika. “Farasi wanne unaniachia hapa, bosi.”

“Wape majani.”

Nilibakiza wiki mbili mpaka ile Jumapili, na nilichogundua siku ya kwanza ni kwamba breki nzuri niliinunua, ila mkono wa kuishika sikuwa nao. Vidole vyangu vilikuwa na woga ule ule wa mji mzima. Nikajipangia: kila siku asubuhi kabla ya cherehani, uwanja wa stesheni, mara thelathini. Unaanza kuibana taratibu, unasubiri pikipiki iiname kidogo, ndipo unaongeza. Siku ya tatu niliibana kwa pupa nikalala chini ubavu mmoja na pikipiki, mwendo wa mtu anayetembea. Nikainuka nikarudia. Mke wangu alipoona suruali imechanika goti alisema angalau fundi ninaye wa bure, na kesho yake akaja kukaa nyuma yangu badala ya gunia.

Alinipigia kelele ya “simama” kila alipojisikia. Nikiwa gia ya pili: simama. Nikiwa ndiyo kwanza naondoka: simama. Akiwa anaongea na mtu kwenye simu: simama, halafu anaendelea na mazungumzo. Bodaboda walianza kutuhesabia kwa sauti. Wiki ilipoisha hawakuwa wanahesabu tena, na yule mnene nilimkuta amechuchumaa mbele ya pikipiki yake anafungua lile fundo la waya. Alijifanya anatafuta sarafu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kumchukua mama. Nilikuwa nimemshonea suruali pana ya kuvaa chini ya kitenge, akae kwa kutanua miguu, asikae upande kama siku ile ya kuanguka. Aliishika kwa vidole viwili.

“Miaka yote hii sijavaa suruali,” akasema. “Leo unanivalisha kama askari wa wanyamapori.”

“Siku moja tu, mama.”

“Mifuko umeweka?”

“Miwili.”

Akaivaa. Siti ilikuwa chini ya kutosha. Aliweka mkono begani kwangu, akapitisha ule mguu mgumu pole pole, akakaa. Akashika shati langu kwa nyuma, siyo kiuno, shati, kwa mikono yote miwili, mpaka kola ikanibana koo. Niliwasha injini na sikuizima, nikaweka gia ya kwanza, tukaanza kushuka.

“Simama,” akasema kabla hatujafika hata kwenye mwembe wa jirani. Nikasimama. Akavuta kitenge kwenye goti. “Haya.”

Mita chache. “Simama.” Nikasimama. Nilimsikia anapumua kwa pua. “Haya.”

Kona yenyewe ina mawe mapana yaliyolegea, na upande wa kulia ardhi inakatika. Nilikuwa nimeamua nipite pale taratibu, bila kusimama, maana ndipo pagumu kuliko pote. Tulikuwa katikati kabisa.

“Simama hapa.”

Vidole viwili kwenye breki ya mbele, mguu kwenye ya nyuma, taratibu, pikipiki ikainama, nikaongeza. Ikasimama. Jiwe moja lilitoka chini ya tairi likaviringika mpaka majini, tukalisikia likitumbukia.

Mama aliinama pembeni kuangalia.

“Ndipo hapa?”

“Ndipo.”

Aliangalia muda mrefu. “Nilidhani ni parefu zaidi,” akasema. “Haya, twende.”

Hakuniambia simama tena. Tukavuka maji, yakafika kwenye ekseli, yakanilowesha viatu, tukaanza ule mteremko mrefu. Gia ya kwanza, injini inalia kama mtoto aliyenyimwa, mwendo wa bata. Chini kidogo ya nusu, ikaguna mara mbili ikazimika.

Nikabana breki zote. Ikakaa. Haikurudi nyuma hata unene wa kidole.

“Imekufa?” mama akauliza.

“Imepumzika.”

“Nishuke?”

“Kaa hapo hapo, mama.”

Mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani alitufikia kwa miguu, akatupita, akageuka bila kumwaga tone. “Mama, nyie mnahitaji kusukumwa?”

“Hapana mwanangu,” mama akamjibu. “Huyu amejifunza kusimama. Kupanda bado.”

Walicheka wote wawili, mimi nikiwa nimeng'ang'ania breki. Nikauhamishia uzito wote kwenye breki ya nyuma, nikawasha, nikapandisha moto mpaka fremu ikatetemeka, nikaachia klachi kwa kadiri ya kuachia uzi kwenye sindano. Ikaondoka. Ilizimika mara nyingine moja, karibu na juu, ikakaa tena pale pale, nikarudia. Yule wa ndoo alikuwa ameshafika barabarani zamani.

Tulipoingia barabara kubwa nikaweka gia ya pili, halafu ya tatu. Upepo ukaanza. Nikahisi kola yangu imelegea. Nilidhani kuna kitu, nikapunguza mwendo, nikachungulia kwenye kioo kile cha duara. Mama alikuwa ameachia shati kwa mikono yote miwili. Alikuwa anafunga kilemba chake upya.

“Angalia mbele,” akasema. “Na ukifika mjini usinipeleke kwako kwanza. Nipitishe sokoni.”

“Unataka kununua nini?”

“Sinunui kitu. Wanione.”

Nikampitisha sokoni, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza aliokuwa anawataka walikuwa wameinama kwenye nyanya.

Jumapili alikataa kupanda pikipiki. Kutoka barazani kwangu mpaka kanisani siyo mbali, na alisema mtoto anatolewa nyumbani kwa miguu. Akambeba mwenyewe, akichechemea, kilemba kimekaa sawa, na alipofika penye shimo na mimi nikanyoosha mkono aliupiga kwa kiwiko. Sisi wote nyuma yake, mke wangu, watoto wakubwa, majirani na yule fundi, tulitembea kwa mwendo wake. Mtoto alilala njia nzima.